Ada ya Shilingi 45,000 na Suruali Mbili Mezani: Tathmini ya Kozi ya Jioni ya Sera ya Biashara

Kwa wiki kumi na mbili mfululizo, kila Alhamisi jioni, nilishuka matatu Kencom, katikati ya Nairobi, na kutembea hadi jengo moja karibu na University Way, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne kwa sababu lifti ilikuwa mbovu muhula mzima, ili kuhudhuria kozi ya sera ya biashara na uchumi-siasa wa kimataifa. Ada ni shilingi 45,000, na hulipwa kwa awamu mbili. Tangazo liliahidi mambo mawili: kwamba mwanafunzi ataelewa jinsi sera za biashara zinavyotungwa na kupiganiwa, na kwamba ataonyeshwa njia ya kuingia katika kazi ya utafiti na ufundishaji wa fani hii chuo kikuu. Ahadi ya kwanza ilitimizwa kwa kiwango ambacho sikukitarajia. Ya pili haikutimizwa. Taasisi yenyewe ni ndogo na ya binafsi, na kwa kuwa nina malalamiko juu yake ambayo nimekwisha kuyawasilisha kwa wahusika, sitaitaja jina. Ninachotaka ni kueleza kwa makini kilichofundishwa, ili anayefikiria kulipia kozi ya aina hii, hapo au kwingineko jijini, ajue cha kukitafuta na cha kukiulizia.

Hali yangu ilikuwa hii. Nina shahada ya uzamili katika mahusiano ya kimataifa, nafundisha kwa muda katika vyuo viwili, nalipwa kwa saa, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikitafuta nafasi ya uzamivu. Kwa mtu wa namna yangu uzamivu si pambo. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 viliufanya kuwa kiwango cha mhadhiri, na asiye nao huishi kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja. Pendekezo langu la utafiti lilikuwa limerudishwa mara mbili, na mara zote mbili maoni yalikuwa yale yale: mada ni pana mno, dhana ni nyingi, hakuna kitu kinachochunguzwa. Nilikuwa nimeandika juu ya Afrika Mashariki katika mfumo wa biashara duniani, nikajaza kurasa kwa utegemezi, utandawazi na uliberali mamboleo, na bado mtu angeniuliza ni bidhaa gani, inatozwa ushuru kiasi gani, na kwa uamuzi wa nani, nisingekuwa na jibu.

Somo la tatu ndilo lililoniondoa hapo, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu kwangu mimi karibu thamani yote ya ada imo humo. Profesa wetu, mama mstaafu aliyefundisha uchumi kwa miaka mingi na aliyewahi kukaa katika ujumbe wa mazungumzo ya biashara, aliingia na mfuko wa karatasi, akatoa suruali mbili za jinzi na kuziweka mezani. Ya kwanza alikuwa ameinunua soko la mitumba la Gikomba asubuhi hiyo kwa mama anayemwekea kamera, yaani nguo zile bora zinazochaguliwa kwanza belo linapofunguliwa. Ilikuwa imefifia magotini, na ndani ya kiuno ilikuwa bado na bei iliyoandikwa kwa kalamu ya wino huko ilikotoka. Ya pili ilikuwa mpya, ya kiume vilevile, imeshonwa Athi River katika ukanda wa viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, na ilikusudiwa maduka ya Marekani. Akatuuliza, "Hizi ni bidhaa moja au mbili?"

Tulijibu kwa haraka kwamba ni moja, suruali ni suruali. Hakutubishia. Alitugawia kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Nje wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachopanga kila bidhaa kwa nambari na kiwango cha ushuru wake, nakala moja kwa watu wawili, akatutaka tuzitafute suruali hizo humo wenyewe. Ilituchukua karibu dakika arobaini, kwa maana wengi wetu tulikuwa tumefundisha au kusoma habari za ushuru kwa miaka bila kukifungua kitabu chenyewe hata siku moja. Suruali mpya ya kiume imo katika kichwa, yaani kundi la bidhaa, nambari 6203. Ya mtumba imo katika 6309, pamoja na koti, gauni na shuka, ilimradi iwe na dalili za wazi za kuvaliwa au kutumiwa na iwe imeingizwa kwa wingi au katika mabelo. Nguo ile ile iliyotoka katika cherehani ile ile inahama kutoka sura moja ya kitabu hadi nyingine kwa sababu mtu fulani Ulaya au Marekani aliivaa kisha akaitoa kabatini.

Baada ya nambari tukaingia kwenye viwango. Mtumba hutozwa kwa asilimia ya thamani yake au kwa kiasi fulani cha dola kwa kilo, ipi iliyo kubwa, na Profesa alitaka tumweleze kwa nini mtunga sheria ahangaike kuweka njia mbili. Waliosoma nadharia walinyamaza. Aliyejibu ni kijana mmoja anayefanya kazi kwa wakala wa forodha, ambaye siku zote huketi nyuma: "Profesa, ankara ya mtumba huandikwa bei yoyote anayoipenda mwagizaji. Mizani haina ankara." Kuhusu nguo mpya, tulijifunza kwamba umoja wa forodha wa Jumuiya ulipoanza tarehe 1 Januari 2005 ulikuwa na matabaka matatu ya ushuru, asilimia 0, 10 na 25, na kwamba Julai 2022 nchi wanachama ziliongeza la nne la asilimia 35, nguo zikiwa miongoni mwa bidhaa zilizopandishwa humo. Suruali ya Athi River nayo ingeingia Marekani kwa ushuru wa asilimia 16.6 kama si AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya nafuu ya ushuru kwa bidhaa za Afrika, iliyoiondolea ushuru huo, hata pale ambapo kitambaa chake kilinunuliwa Asia.

Ndipo siasa zilipokuja, na zilikuja zikiwa na mahali pa kukaa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ili kuvipa nafasi viwanda vya nguo vya hapa. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao, na serikali hiyo ikaanza kupitia upya haki ya nchi zetu kunufaika na AGOA. Kenya ilijitoa katika mpango huo mwaka 2017. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nafuu ya nguo zake katika soko la Marekani ikasimamishwa. Profesa alizisogeza zile suruali mbili hadi zikagusana, akaweka kidole juu ya ile ya Gikomba, kisha juu ya ile ya Athi River, akasema, "Mwanangu, anayeitetea hii ameishika shingo ile." Tulikaa kimya kidogo. Miaka yote niliyoandika neno "utegemezi" sikuwahi kuuona utegemezi ukiwa na mishono na vifungo.

Usiku huo, ndani ya matatu ya Rongai, nilianza kuliandika upya pendekezo langu nyuma ya ratiba ya kozi. Swali lilikuwa limepungua ukubwa hadi likaweza kujibika: kwa nini nchi mbili za umoja mmoja wa forodha, zilizokabiliwa na tishio moja juu ya kichwa kimoja cha kitabu kimoja, ziliamua tofauti? Ukilifuata swali hilo unakutana na wauzaji wa masoko ya Gikomba na Toi, washonaji wa Athi River, wenye viwanda, Hazina, wabunge, na jirani mwenye soko dogo ambaye nguo hazikuwa sehemu kubwa ya anachokiuza nje. Hiyo ndiyo kazi ya mwanazuoni wa uchumi-siasa, na hakuna kitabu cha nadharia kilichokuwa kimenionyesha kuwa huanzia kwenye mstari wa ushuru.

Kuhusu usomaji wa nadharia wenyewe, kozi ilichagua kidogo na kwa uangalifu. Tulianza na Susan Strange, Mwingereza aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mwanazuoni, ambaye mwaka 1970 aliandika makala mashuhuri akilalamika kwamba wanazuoni wa uchumi wa kimataifa na wale wa mahusiano ya kimataifa wanapuuzana. Fani hii kwa kiasi kikubwa ilizaliwa katika pengo hilo. Kisha tukarudi nyumbani. Nilifurahi sana kwamba wiki nzima ilitolewa kwa ule mjadala wa Kenya wa miaka ya 1970, uliouliza kama mabepari wa Kenya wangeweza kujenga uchumi wao wenyewe au wangebaki mawakala wa mtaji wa kigeni. Mwanazuoni Colin Leys, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alielekea upande wa pili. Mwaka 1978, baada ya tafiti za wenzake kuhusu umiliki wa mashamba na viwanda, alibadili msimamo wake kwa maandishi, hadharani. Profesa alisisitiza jambo hilo kuliko hoja yenyewe, na naona alikuwa na haki. Katika vyuo vyetu tunafundishwa kutetea tasnifu kana kwamba ni shamba la urithi, na ni nadra mwanafunzi kuonyeshwa mtu mwenye jina kubwa akiandika kwamba ushahidi mpya umemlazimisha kusema vingine.

Somo la saba lilikuwa igizo la mazungumzo, na hili ndilo la pili ninalolisifu bila kusita. Tulirudishwa mwaka 2014, wakati nchi tano za Jumuiya zilipokuwa zikijadiliana na Umoja wa Ulaya juu ya Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, kila kundi likapewa nchi moja. Mimi nilipewa Tanzania na, nakiri, sikuipenda nafasi hiyo. Kama Wakenya wengi niliamini kwamba Tanzania iliukwamisha mkataba kwa ukaidi tu. Mwenzangu aliyeiwakilisha Kenya alikuja na hoja ya maua: tangu tarehe 1 Oktoba 2014, kwa sababu makubaliano hayakuwa yamekamilika, maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru yakiingia Ulaya, na hali hiyo ikaendelea hadi mwishoni mwa Desemba. Alieleza vizuri sana habari za Naivasha, za wafanyakazi wa mashamba ya waridi, na za ua ambalo haliwezi kusubiri ghalani hadi mawaziri waelewane.

Nilipofungua karatasi zangu nikakuta jibu ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria. Wakati huo, kati ya nchi zote tano, Kenya peke yake ndiyo haikuwa katika kundi la Umoja wa Mataifa la nchi zenye maendeleo duni zaidi. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa na haki ya kuuza Ulaya karibu kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kwa hiyo Kenya ilikuwa ikiomba jirani zake zifungulie bidhaa za Ulaya masoko yao ili yenyewe iendelee kupata kile ambacho wao tayari walikuwa nacho bure. Nilipolisema hilo mezani, kwa sauti ya mtu anayeanza kuliamini, mwenzangu wa maua alikosa neno, na mimi pia nilishtuka. Kilichofuata katika historia kinaeleweka kwa urahisi zaidi ukianzia hapo: Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016, nyingine hazikufuata, na mwishowe Kenya ikaenda peke yake, ikatia saini na Umoja wa Ulaya hapa Nairobi Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Sasa nafundisha jambo hili kwa wanafunzi wangu kwa namna nyingine kabisa, na ninawapa nafasi ya Tanzania wale wanaopiga kelele zaidi.

Kulikuwa pia na matembezi ya jioni hadi jumba la mikutano la KICC, ambako mkutano wa nne wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, ulifanyika mwaka 1976 na ule wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani Desemba 2015, wa kwanza wa aina hiyo barani Afrika, uliokubaliana kuondoa ruzuku za mauzo ya mazao ya kilimo nje. Yalikuwa mafupi na yalinyeshewa. Yangeweza kurefushwa, kwa kuwa Nairobi ni mji uliokuwa mwenyeji wa mazungumzo haya kwa nusu karne, na wanafunzi wake huyasoma kana kwamba yote yalifanyika Geneva.

Sasa niseme kasoro, na si ndogo. Ya kwanza ni somo la takwimu. Anayetaka kuajiriwa leo kama mwanazuoni wa biashara hana budi kujua kuchukua data na kuipima, na nyenzo ya kwanza ni modeli ya mvutano, iliyoingizwa katika uchumi na Jan Tinbergen mwaka 1962, ambayo hukadiria biashara kati ya nchi mbili kwa ukubwa wa chumi zao na umbali ulio kati yao. Ni wazo lililo rahisi kueleza na gumu kulifanya vizuri, hasa kwetu, ambako umbali wa Mombasa hadi Kampala hauhesabiki kwa kilomita peke yake. Huhesabika kwa mizani za barabarani, foleni za Malaba na siku za kusubiri karatasi. Kozi iliipa mada hii saa moja na nusu. Kompyuta zilizoahidiwa hazikuwepo, programu ilionyeshwa ukutani na mwalimu aliyekuwa akiandika amri haraka kuliko tulivyoweza kunakili, na tulipouliza mistari ya data isiyo na biashara yoyote kati ya nchi mbili ishughulikiwe vipi, tuliambiwa hilo ni la kozi nyingine. Kwa data za Afrika, ambako sifuri ni nyingi, hilo ndilo swali lenyewe.

Ya pili ni vitini. Vilikuwa vimetolewa kivuli ovyo, na katika kurasa za kitabu cha ushuru ukingo wa kulia ulikatwa, yaani ile safu inayoonyesha kiwango cha ushuru. Tulilazimika kunakili viwango kwa mkono kutoka katika nakala ya Profesa. Kwa ada ya shilingi 45,000 sioni udhuru wa jambo hilo. Cheti nacho kilichelewa kwa wiki saba, na mwenzetu mmoja alikosa kukiambatisha kwenye maombi ya kazi.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa sababu iligusa ahadi iliyonivuta. Somo la mwisho lilipaswa kuwa kuhusu kazi ya uanazuoni: jinsi ya kumtafuta msimamizi, kuchagua jarida, kupokea maoni ya wapitiaji wasiojulikana bila kuvunjika moyo, kuomba fedha za utafiti, na kuishi kwa mshahara wa kuanzia. Mgeni aliyealikwa alichelewa dakika arobaini, akatusimulia maisha yake, akapiga picha nasi na kuondoka. Hakuna aliyetuambia kwamba hapa hapa Nairobi yako makao ya muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika ulioanzishwa mwaka 1988, AERC, unaosaidia wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa uchumi; kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa miongoni mwa vyuo 14 vya kwanza duniani kupewa kiti cha Shirika la Biashara Duniani, yaani msaada wa kufundisha na kutafiti mambo ya biashara, mwaka 2010; au kwamba Arusha, safari ya basi ya siku moja, kuna TRAPCA, kituo cha mafunzo ya sera ya biashara. Mambo hayo niliyakusanya mwenyewe, kwa kuuliza huku na huku. Vijana kumi na tisa walikuwa wameketi mle ndani na madaftari wazi, na baadhi yao wamekopa kwa simu ili kulipa awamu ya pili.

Je, ningelipa tena? Kwa somo la tatu na la saba, ndiyo, na ningemshauri hivyo mtu aliye na uzamili, anayefundisha au kufanya kazi forodhani, wizarani au katika chama cha wafanyabiashara, na ambaye tayari ana swali lakini hajalipatia umbo. Pendekezo langu jipya, linaloanza na nambari 6309 katika sentensi yake ya kwanza, limepita hatua ya idara, na sifa hiyo ni ya Profesa. Anayetafuta ujuzi wa takwimu atafute mahali pengine, au asubiri hadi watenge wiki nne na chumba chenye kompyuta. Na anayevutwa na ile ahadi ya njia ya kuingia chuo kikuu, aombe kuonyeshwa ratiba yenye majina ya walimu wa kila wiki kabla ya kulipa awamu ya kwanza, aulize ni nani hasa atafundisha somo la kumi na mbili, na aangalie kama kurasa za kitabu cha ushuru watakazompa zina safu ya mwisho.